Mkwe Aliyejificha Nyasini

Mwaka ule petroli ilikuwa adimu, na basi la kwenda kwao mume wangu lilikuwa limelala kwa kukosa matairi. Wilibrodi, karani hapa Sumbawanga, akaniambia, "Atusaye, likizo hii tunatembea. Utaona maziwa mawili kwa miguu yako." Ee, mwanaume akikupenda atakuchosha!

Tukapanda milima ya Mbizi, Juni ile ya baridi, mimi na katambuga zangu za tairi miguuni na kikapu kichwani. Juu kabisa akanisimamisha. Chini, mbali, Ziwa Rukwa lilikuwa jeupe kama unga uliomwagika. "Hilo la kwanza," akasema. "La pili ni Tanganyika, tutaliona Kipili. Ila katikati yupo baba."

Baba yake hakuja harusini kwetu Rungwe. Alituma neno moja tu: "Mlete huyo Mnyakyusa nimwone uso, ndipo nitajua kama nina mkwe." Na kwetu mke hamwonyeshi uso baba mkwe. Akikutana naye njiani hujificha. Jina lake halitamki. Mimi mpaka leo silitaji. Wilibrodi sikumweleza. Nilidhani watu wote ndivyo wanavyoishi, na habari ya uso ni misemo tu ya wazee.

Siku ya tatu, tumebakiza kilima kimoja tufike kijijini kwao, nikaona mzee anatujia haraka haraka. Mwendo ule ule wa Wilibrodi, bega moja juu. Mungu wangu! Nikatupa kikapu, nikazama kwenye nyasi, nikajifunika kitenge gubigubi.

Mzee akachuchumaa njiani, akapiga makofi taratibu, ndivyo Wafipa wanavyosalimia kwa heshima. Akapiga tena. Nilitamani kuitika, lakini ningethubutu vipi?

"Nimetoka alfajiri nije kumpokea," nikamsikia akisema, sauti imemkauka. "Basi, Wili. Amenikataa."

Wilibrodi akanifuata nyasini amevimba. "Mke wangu, unaniaibisha!"

"Mwenye kuniaibisha ni wewe!" nikanong'ona, machozi yananitoka. "Hukuniambia kama atakuja! Kwetu kumkodolea macho baba mkwe ni kumtukana. Namheshimu, ndiyo maana nimelala kwenye miiba!"

Akarudi kumweleza. Mzee akasema, "Kumbe!" na kicheko kidogo kikamtoka.

Nilipochungulia, alikuwa amenipa mgongo, koti lake kuukuu lina kiraka begani. Akachuchumaa tena, akaielekea milima, akapiga makofi. "Toka, mwanangu," akasema. "Sigeuki. Nitatangulia."

Akatangulia kweli. Nilipojikwaa nikapiga ukelele, alisimama tu, akitazama mbele, mpaka Wilibrodi aliponiinua.

Kijijini, jirani yao Mama Dominika akampigia kelele kutoka shambani, "Baba Wili! Mkwe umemwona uso?"

"Nimemwona," akajibu, shingo haikugeuka.

"Yukoje?"

"Ni binti yangu huyu."

Mimi huku nyuma nililia mpaka kitenge kikalowa. Nilimpenda mzee yule pale pale, njiani.

Keshokutwa yake akatutangulia vivyo hivyo mpaka Kipili. Ziwa la pili nililiona juu ya bega lake, lile lenye kiraka.