Mlango wa Duka la Mzee

Aidarus alipotimiza miaka ishirini ya udiwani, watu wa kata walimfanyia hafla ya kumuaga katika ukumbi wa shule. Safari hii hakuchukua fomu ya kugombea. Magoti yalimchosha, na mkewe Yumna alishasema basi. Kila aliyeshika kipaza sauti aliitaja barabara ya lami iliyokatiza mitaa ya Mwananyamala. Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa mtaa, akasema, "Huyu hakupendelea mtu. Barabara ilipopita, duka la kwao ndilo lililotangulia kuvunjwa."

Watu wakapiga makofi. Aidarus akainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Duka hilo waliachiwa na baba yao, na kaka yake Nawaf ndiye aliyeliendesha. Kwa duka hilo Nawaf alimsomesha mdogo wake, na ukutani pake ndipo yalipobandikwa mabango yake ya kwanza ya kugombea. Tangu livunjwe, mwaka wa kumi na mbili sasa, ndugu hao walikuwa wakionana mazikoni na harusini tu, wakipeana mikono kama wasafiri.

Kesho yake Aidarus akaenda Mwenge, ambako Nawaf alipanga fremu ya duka akiuza vitambaa na nyuzi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mheshimiwa. Karibu." Nawaf akapangusa kiti cha wateja, akamsogezea.

Zamani alikuwa akimwita Aidi. Aidarus akakaa. Wakauliziana hali za watoto mpaka maneno yakawaishia.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka. Kwa ajili ya duka."

"Duka lilikuwa njiani. Mie nilijua halitabaki."

"Sasa miaka yote hii ulikasirikia nini?"

Nawaf alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja upya. "Siku ya kuvunja uliijua lini?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, si barazani wala kwenye mikutano ya hadhara.

"Wiki tatu kabla," akasema. "Niliogopa. Ningekwambia, ukaanza kuhamisha vitu, watu wangesema diwani anawatonya nduguze."

"Sie tulishtukia tingatinga liko kibarazani. Bidhaa majirani walitusaidia kutoa. Mlango hatukuuwahi." Nawaf alisema taratibu, bila ukali. "Mlango ule babu aliuchonga kwa mkono wake. Mzee wetu alikataa kuuuza hata mwaka tuliolala njaa. Fundi angeung'oa kwa nusu siku. Ungekuja jioni moja tu, ukaniambia, kaka, toa mlango."

Aidarus aliwaza wale watu aliowaogopa: wengine walishahama, wengine walishakufa, na waliobaki jana walimpigia makofi. Hata kama duka la Nawaf lingehamishwa mapema, hakuna hata mmoja ambaye angelikumbuka jambo hilo leo. Jina zuri alilipata. Alilinunua kwa kitu kisichokuwa chake peke yake.

"Utanisamehe?"

"Nilishakusamehe zamani. Ila sijui tena kukaa na wewe. Nimesahau."

Mteja akaingia, mama mmoja mshonaji, akataka mita tatu za bitana. Nawaf akainuka kumpimia, akamwacha mdogo wake pale kitini, hakumwambia aondoke wala abaki. Aidarus akabaki.