Matanga Bila Marehemu

Katika Mangobo, mtaa wa Kisangani, hafi mtu Mama Merdi asijue. Waliomwita mmbea aliwajibu kwamba umbea ni kazi ya wavivu, yeye anajali watu. Jina lake la ubatizo ni Adèle, mtu wa Isangi kwa baba na kwa mama, na kwenye avenyu yao yeye ndiye mwanamke wa kwanza kufika matangani, mkeka begani, kitenge cha pili kiunoni, machozi tayari. Anajua marehemu aliugua nini, nani alichelewa kumpeleka hospitali, na mkwe gani atajileta siku ya mwisho na mbuzi mwembamba.

Sasa we fikiria asubuhi ile. Anatoka kufagia mbele ya nyumba, anaona makuti mawili ya mchikichi yamechomekwa kwenye lango la parseli ya jirani, nyumba na uwanja wake. Mtu wa Kisangani haulizi maana ya makuti langoni: hapa kuna msiba, ingia, tulie pamoja. Turubai la bluu limekwisha kufungwa, viti vya plastiki vimekwisha kupangwa. Na yeye hana habari! Parseli yenyewe ilikuwa tupu tangu mwenyewe ahamie Kinshasa. Atakufaje mtu katika nyumba isiyo na mtu?

Akatupa ufagio, akavuka njia mpaka kwa Nyota, mama wa Kiislamu anayeuza kahawa na mikate pale kona.

"Nyota, nani alikufa kule?"

"Mi niko nakungoja we uniambie," Nyota akasema. "Tangu asubuhi sijasikia hata kilio moja. Batu beko nacheka mule ndani. Matanga gani hii?"

"Na picha ya marehemu?"

"Hakuna picha. Hakuna korali. Motokari mbili tu, vioo nyeusi. Moja imetokea huku, ingine imetokea kule."

Mama Merdi akashika kiuno. Matanga bila picha, bila korali ya kuimba, bila mama hata mmoja kwenye mkeka! Kitu kilimwasha moyoni, na kikimwasha hivyo hapiki wala haketi mpaka akijue.

Lakini siku zile udadisi wake haukuwa wa mchezo. Hali ya mji ilikuwa mbaya. Vita vya mashariki vilikuwa redioni kila asubuhi, mabariye ya wanajeshi yalifunga barabara, na juu ya hayo yote mji ulikuwa na waheshimiwa wawili waliokuwa wakigombea kiti kimoja cha mkoa. Kiti kimoja, makalio mawili. Honorable Édouard aliwavisha vijana wake fulana za njano, Honorable Rosine akawavisha wake za kijani, na vijana wakaanza kupigana, kwanza kwa nyimbo, kisha kwa mawe, kisha kwa mapanga. Ndipo amri ikatoka: hakuna mkutano wala maandamano. Watu wakusanyike kanisani, msikitini na matangani, basi.

Na Merdi, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za njano. Sauti kama ile, hata maadui walikuwa wanaitikia bila kupenda. Siku mapanga yalipotolewa pale rompwe, kwenye mzunguko wa barabara, Merdi alikimbia, akavuka mto kwa mtumbwi, akajificha Lubunga kwa tonton Jephté, mjomba wake. Wakijani wakaapa kwamba akikanyaga tena Mangobo hatatoka mzima. Tena waliweka watu kwenye libongo, pale mitumbwi inapofikia, waangalie nani anavuka. "Mama, usikuje," Merdi alimwambia kwenye simu. "Utawaonyesha njia. Mi niko mzima, ni mikwaruzo tu." Basi kila jioni Mama Merdi alishuka mpaka mtoni, akatazama Lubunga ng'ambo ya maji, miti na moshi wa majiko ya watu wengine, akarudi nyumbani na moyo mzito. Alimtaka mtoto wake arudi. Hakutaka kitu kingine duniani.

"Mi naingia," alimwambia Nyota.

"Utaingiaje? Kuna balinzi pale langoni."

"Nitaingia na kuni."

Ndivyo desturi ilivyo. Jirani haendi msibani mikono mitupu, na mwanamke mwenye kuni kichwani hakuna anayemzuia, maana kila msiba unapika. Mama Merdi akafunga mzigo wake, akajitwika, akaenda polepole kama mtu mwenye huzuni nyingi. Nyota akamfuata nyuma na birika la kahawa, akinung'unika kwamba siku moja udadisi wa huyu mama utawaua wote wawili.

Langoni alisimama kijana wa miwani nyeusi, na ukimsikia tu unajua ni wa Kinshasa.

"Mama, okei wapi? Oyo matanga ya famille," akasema kwa Kilingala chake: anakwenda wapi, msiba huu ni wa jamaa tu.

"Ya famille, ndiyo. Na famille gani inapika bila kuni? Pole sana, mwanangu. Nani alikufa?"

Kijana akababaika. Hilo hawakumfundisha. "Ni... ni papa."

"Papa ya nani?"

"Papa ya Honorable."

"Honorable gani? Hapa tuko na bawili."

Kijana akameza mate, akatazama nyuma, akatazama kuni, na kwa kuwa mama mzee alikuwa ameanza kuyumba chini ya mzigo, akampisha. Hapo ndipo walipokosea, wale waliopanga mambo. Walikaa sana Kinshasa. Waliona makuti yatawaficha wasijulikane na wanajeshi, wakasahau kwamba makuti yanamwita kila anayepita.

Mama Merdi akazunguka mpaka jikoni nyuma ya nyumba. Hakukuwa na sufuria za msiba. Kulikuwa na liboke za samaki waliofungwa majanini juu ya makaa, kwanga za muhogo zimerundikwa, na bia kwenye beseni la barafu. Akatua kuni taratibu, akachungulia kupitia ukuta wa matete.

Mungu wangu! Chini ya turubai, kwenye meza moja, walikaa Honorable Édouard na Honorable Rosine. Walikuwa wakila samaki kutoka jani moja! Édouard alikuwa anamtolea Rosine miiba kama mtu na dada yake. Mama Merdi akafumba macho, akayafumbua. Walikuwa bado wapo.

"Juzi vijana wako wametulia," Rosine alikuwa akisema. "Wasitulie mapema."

"Na wa kwako?"

"Wa kwangu mi nitawachochea kidogo. Kinshasa wakisikia Mangobo imenyamaza, watasema sisi hatuna watu. Nani atatuita kuongea? Wacha kelele ziendelee mpaka tuitwe. Donc, tukifika kule, kiti kinakuwa cha kwako, na mi napata nafasi yangu serikalini. Si ndiyo tulisema?"

"Ndiyo tulisema," Édouard akajibu, akaramba kidole.

Hasira ilimpanda Mama Merdi mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kutoka pale na kuni moja mkononi, ampige huyu, ampige na yule. Mtoto wangu amejificha kama mwizi ng'ambo ya mto, na nyinyi mnatoleana miiba! Lakini hakuwa mjinga. Akipiga kelele, walinzi watambeba kama gunia na kumtupa nje. Akienda kusimulia mtaani, nani atasadiki? Watasema Mama Merdi sasa anaona ndoto mchana. Kitu pekee kilichofaa ni mtaa mzima uje uone kwa macho yake. Na mtaa huu, wakati huu wa amri na bariye, ungekusanyika kwa jambo moja tu.

Matanga yalikuwapo, turubai lilikuwapo, makuti yalikuwapo. Ilikosekana maiti. Haya, atawapa.

Akafungua kilemba, akakitupa. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoka mbio kutoka jikoni, akajibwaga chini katikati ya viti.

"Yooo! Yooo, papa eee! Papa ya Honorable Édouard, umetuacha na nani eee! Honorable amebaki yatima, maman Rosine amekuja kumufariji, ona wanavyolia pamoja eee!"

Pale langoni Nyota hakuhitaji kuelezwa. Akaweka birika chini na kuitikia, kwa sauti ya kuamsha watu wa mtaa wa tatu: "Yooo, papa eee!"

Mlinzi wa kwanza alifika mbio, akamshika Mama Merdi mkono, halafu akauachia. Unamtoaje mwanamke anayelia msibani? Kijana wa miwani akaangalia wakubwa wake. Honorable Édouard alikuwa amesimama na kipande cha samaki mdomoni, rangi imemtoka.

"Papa yangu? Papa yangu amekufa?" Baba yake mzee alikuwa mzima kule Isangi, lakini kilio kina nguvu yake, na maskini kwa dakika moja alisadiki. Akaanza kutafuta simu mfukoni kwa vidole vyenye mafuta.

Na mtaa ukaja. Kilio kilipokewa parseli kwa parseli, wamama wakaingia na mikeka, wazee na kofia mkononi, hata wale waliokuwa wakibishana na walinzi walisukumwa ndani na waliokuwa nyuma yao. Wanjano wakaja mbio kwa sababu kiongozi wao amefiwa. Wakijani wakaja mbio kwa sababu wamesikia maman Rosine yuko mule ndani, katikati ya adui. Wengine walikuwa na fimbo, wengine na zaidi ya fimbo. Wakakutana chini ya turubai, uso kwa uso, na wote wakaona kitu kimoja: meza moja, jani moja, mikono minne yenye mafuta.

Kilio kikakatika. Makaa ya jikoni yakasikika yakilia.

"Maman Rosine," kijana mmoja wa kijani akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyedanganywa, "uko nakula na ye?"

Rosine ni mwanasiasa, na mwanasiasa haanguki mara moja. Akajipangusa mikono, akasimama, akatengeneza uso. "Banangu," akasema, "msiba unaunganisha watu. Mi na Honorable tumeamua. Kuanzia leo hakuna vita kati ya njano na kijani. Si ndivyo, Honorable?"

Édouard akatazama vijana, akatazama fimbo. "Ndivyo," akasema.

"Na papa yako alikufa kweli?" mzee mmoja akauliza.

"Iko muzima, tunamushukuru Mungu," Mama Merdi akajibu kwa niaba yake, akainuka, akajipangusa vumbi. Machozi yalikuwa yamekauka. Watu wengine wakaanza kucheka, kicheko cha woga, lakini yeye hakucheka. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye meza, akatoa simu yake, akabonyeza namba, akaweka sauti ya nje, akamkabidhi Édouard.

"Vile vita imeisha, Honorable, umuambie mutoto wangu avuke. We na maman Rosine, bote bawili. Hawa bakijani basikie na masikio yao."

Simu ikalia. Ikapokelewa.

"Allô, Mama?"

"Merdi, ni mi, Honorable," Édouard akasema, akikohoa. "Iko vizuri sasa. Mi na maman Rosine tumepatana. Rudi nyumbani, hakuna mutu atakugusa."

"Ni kweli, mwanangu," Rosine akaongeza. "Mi ndiye nasema. Rudi."

Kwa mbali ilisikika injini ya mtumbwi ikipita ng'ambo ile.

"Mumepatana toka lini?" Merdi akauliza.

Édouard hakutegemea swali hilo. "Toka... kitambo, mutoto. Tulikuwa tunaongea kidogo kidogo."

"Mbele ya siku ile ya rompwe, kabla ya mapanga?"

Rosine alitazama samaki. Vijana wa njano walimtazama Édouard, vijana wa kijani walimtazama Rosine.

"Honorable, mi nauliza. Mbele ya siku ile?"

"Mwanangu, mambo ya siasa..." Édouard akaanza.

"Bon," Merdi akasema. Kisha, taratibu: "Mama, uko hapo?"

"Niko, mwanangu. Vuka. Mi natelemuka libongo sasa hivi."

"Mama, kuna kitu sikukuambia. Nilimukataza tonton Jephté pia asikuambie. Ule mukono ya kuume, ule balipiga panga siku ile, munganga wa huku aliukata. Ulikuwa umeoza."

Nyota akaziba mdomo. Mama Merdi alisimama vilevile alivyokuwa. Wote walimngojea apige yowe, yeye, mama wa mayowe yote ya Mangobo. Karibu na lango kijana wa kijani aliyekuwa ameshika panga aliliweka chini polepole, nyuma ya mguu wake, kama mtu asiyetaka lionekane.

Mama Merdi akaichukua simu kutoka mkononi mwa Honorable. "Vuka, Merdi," akasema. "Vuka hivyo hivyo. Mi nakutaka hivyo hivyo."

Akatoka. Watu walimpisha njia, wanjano upande huu na wakijani upande ule, kisha nusu ya avenyu ikamfuata kushuka mtoni, na wengine wakabaki kuwazunguka waheshimiwa wawili, wakiwauliza maswali ambayo hawakuwa wamejiandaa kuyajibu. Nyota alitembea kando yake, amemshika kiwiko.

Kwenye libongo, wale vijana waliowekwa kulinda mitumbwi walikuwa tayari wamepigiwa simu. Walisimama kando, macho chini. Mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia, na mtumbwi ulichukua muda mrefu kufika kwa sababu ya mkondo. Merdi alikaa mbele, ndani ya shati la tonton yake lenye mikono mirefu, amekonda.

Mtumbwi ukagusa mchanga. Mama Merdi akaingia majini mpaka magotini na kitenge chake kizuri, akanyoosha mkono wa kuume kumvuta mwanawe ashuke, kama alivyomvuta tangu utotoni. Akaona mkono wa kuume wa shati ukining'inia mtupu. Akaurudisha wake, akanyoosha wa kushoto.