Kibuyu Nilichokirudisha Kimejaa

Ndiyo, Vero, nilikirudisha. Kimejaa hivyo hivyo, mrija ndani, povu juu. Waliokuambia huko njiani hawakukudanganya, ila najua hawakukuambia yote, maana watu wa hapa Ihanda wakisimulia jambo wanaanzia pale panapochekesha. Kaa hapo mkekani. Bibi yako bado anamenya ndizi, na leo ni nyingi, si umeona? Unaniuliza mtu mzima anakataaje pombe ya mtoto wa mdogo wake, mbele ya timu nzima, mbele ya wageni waliotoka Isingiro kote kule. Nitakuambia. Lakini usinikatize, mjukuu wangu. Mimi nikikatizwa napotea kama mbuzi.

Uwanja unaujua. Pale juu kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi isiyokuwa ya mtu. Zamani rweya ilikuwa kubwa, unachunga ng'ombe mpaka unasahau njia ya nyumbani. Watu wakaimega. Huyu kapanda mikaratusi, yule kapanda misonobari, mwingine kaweka uzio tu halafu akaenda zake Bukoba kufanya kazi ya ofisi. Kikabaki kipande kimoja, na kipande hicho kilibaki kwa sababu ya mpira. Mtu akija na jembe anakuta vijana ishirini wanakimbia, anaona haya, anarudi. Ndiyo maana timu ikaitwa Rweya. Mimi sijawahi kucheza mpira, miguu yangu hii ya kupandia migomba tu, lakini nilikuwa mzee wa timu. Kazi yangu ilikuwa kukaa pale na fimbo na kuwazuia wasipigane.

Sasa Jovitus. Huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Baba yake alipokuwa anakufa alinishika hapa, mkononi, akasema, kaka, huyu usimwache. Sikumwacha. Amekula kwenye nyumba hii, amelala pale unapolala wewe. Akakua, akaenda Kayanga kununua kahawa na kuuza, akapata gari, akapata tumbo, halafu mwaka wa uchaguzi ukafika akapata na maneno. Akataka udiwani.

Akaja kwa vijana. Akasema nataka niwe mlezi wa timu. Nitawapa jezi, nitawapa mipira, nitawapa magoli ya chuma, na fainali tutacheza na Isingiro, mshindi anaondoka na ng'ombe. Vero, wale watoto walikuwa wanacheza na mpira umeshonwa mpaka una makovu kama mpiganaji. Magoli yalikuwa miti miwili, mmoja umepinda. Unafikiri walisema nini?

Mimi nikawaambia ngojeni kwanza. Privatus, ndiye kapteni, kijana mzuri, anaendesha bodaboda, akanicheka.

"Babu, mwanasiasa ni mvua. Ikinyesha unakinga ndoo."

"Mvua haijawahi kuniuliza shamba langu linaishia wapi," nikamwambia.

"Jovitus amekuuliza?"

"Bado."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, maana sikuwa na kitu cha kuonyesha. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi hauna mkia, huwezi kuushika ukamwonyesha mtu. Lakini nilikuwa nimeona jambo. Kila alipokuja uwanjani, wenzake wanaangalia mpira, yeye anaangalia nyasi. Anatembea pembeni polepole, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta funguo.

Jezi zikaja, za kijani, na uso wake hapa kifuani. Kijana akikimbia unaona Jovitus anarukaruka. Siku walipozifua mara ya kwanza uso ukapasuka katikati, Privatus akasema mheshimiwa kapata ajali. Basi, hayo ni ya kucheka. Nakupeleka kwenye fainali.

Siku ya fainali watu walikuja kama harusi. Isingiro waliletwa na lori, wanaimba, wanatutukana vizuri kabisa kwa Kinyambo. Ng'ombe amefungwa pale, amevaa utepe. Jovitus akafika na kofia, suruali nyeupe. Kabla mpira haujaanza akasema, wazee wangu, vibendera vya kona vinaibiwa kila siku, mimi nimeleta vibendera visivyoibika. Akafungua gunia.

Ulikuwa omuramura.

Wewe umekulia mjini, huko wanauweka kwenye chungu sebuleni kama ua. Sisi hatuupandi kama ua. Yale majani marefu, ukiyakata yanachipua, ukiusahau unaishi, moto ukipita unarudi. Ukiukuta umesimama kati ya kibanja na kibanja, ujue hapo watu waligombana wakapatana, na mwisho wa kila mtu ni huo. Na haupandwi hivi hivi. Mwenye kupanda anachimba kwa mkono wake, majirani wanasimama wanaona, halafu rubisi, pombe yetu ya ndizi, inatoka. Kibuyu kinazunguka. Ukinywa, umesema nimeona, nimekubali. Wala hakuna mtu wa kukuuliza tena. Kama hukubali unakirudisha kimejaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba zetu, na hilo Jovitus alilijua, maana alipokuwa mdogo nilimsimamisha pale mpakani kwa jirani yetu Protase akanishikia mche.

Basi akavua viatu. Mtu ambaye jembe hajalishika tangu ahamie Kayanga, akapiga magoti na suruali nyeupe, akachimba. Watu wanapiga makofi, simu zinapiga picha. Akapanda kona ya kwanza, akapanda ya pili. Mimi macho yangu si mazuri lakini nikaona kitu. Kona ya mpira iko hapa, yeye anapanda kule. Nje kabisa, karibu na kichaka, karibu na maharage ya Protase, kule kwenye njia ya kwenda chemchemi. Mtu mmoja wa Isingiro akapiga kelele, "Mheshimiwa, hiyo kona tunaipigia kutoka kule Kyerwa?" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata Jovitus alicheka. Lakini hakuusogeza mche.

Halafu kibuyu kikatoka kwenye gari.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, wazee, tumepangwa. Protase alikuwa wa kwanza. Protase ni rafiki yangu tangu hatuna meno mpaka sasa hatuna meno. Alikuwa amevaa kofia ya Jovitus. Akavuta mrija, akafumba macho. Akampa mwenzake. Kikaja, kikaja, kila mtu anavuta. Nikawa naangalia ule mche wa karibu, umesimama peke yake kwenye nyasi, majani yanatikisika, na nikamwona mdogo wangu akinishika mkono. Usimwache. Sasa kumwacha ni kupi? Kunywa au kutokunywa? Hilo niliwaza, Vero, kibuyu kikiwa kinakuja.

Jovitus alinikabidhi mwenyewe. Mikono miwili, amepiga goti, heshima zote.

"Baba mkubwa, karibu."

Nikakipokea. Nikakinusa, rubisi nzuri, imeiva. Nikamwambia, "Mwanangu, hii tunakunywa ya mpira, au ya nini?"

"Ya furaha tu, baba mkubwa."

"Basi kang'oe ile miti uipande kwenye kona. Ukirudi nakunywa."

Akatabasamu. Watu wote wanatuangalia, hata ng'ombe nadhani. Akasema kwa sauti ya chini, ya kwetu sisi wawili tu, "Usiniaibishe mbele ya watu wangu."

Nikakirudisha mikononi mwake.

Ee, Vero, hapo hawakukusimulia vizuri, wanakuambia tu walicheka. Hakuna aliyecheka. Filimbi ikapigwa, mpira ukachezwa, tukafungwa moja, ng'ombe akapakiwa kwenye lori akaenda zake Isingiro, na mimi hakuna aliyenisalimia mpaka jua linazama. Evangelina, mama yake Jovitus, alinipita hapo njiani akatema mate pembeni. Akasema, "Umemvua mwanangu nguo." Mwanamke niliyemlimia shamba miaka yote ya ujane wake. Miaka yote hii hajaingia ua huu. Bibi yako akipika ndizi anapima kwa macho, anasema zimebaki nyingi.

Udiwani alikosa. Kura za ndani ya chama tu zilimmaliza, hata jina lake halikufika kwenye karatasi. Na baada ya mvua za kwanza, asubuhi moja, Privatus akaja hapa na pikipiki bila hata kuizima. "Babu, kuna lori la miche ya mikaratusi uwanjani."

Tukaenda. Vijana walikuwa wamekaa chini mbele ya lori, wengine bado na zile jezi zenye uso uliopasuka. Mwenyekiti wa kijiji akaitwa. Baraza likakaa pale pale kwenye nyasi. Jovitus akasema anapanda miti ya kukinga upepo. Mwenyekiti akasema upepo gani wa miche lori zima. Basi akasema, hata kama, eneo hili babu yetu alichungia hapa, na mipaka ipo, imesimama, wazee waliiona ikipandwa, wakanywa.

Mwenyekiti akamgeukia Protase. "Ulikunywa?"

Protase akavua kofia. Ile ile kofia. "Nilikunywa," akasema. "Pombe ilikuwa tamu, sikuiuliza inakwenda wapi."

Akaulizwa huyu, akaulizwa yule. Nilikunywa, nilikunywa. Sauti zinapungua kama watu wanaungama. Mwisho akafika kwangu, na kabla sijafungua mdomo Privatus akasimama, kijana aliyenicheka, akasema, "Huyu alikirudisha. Tuliona wote. Kimejaa."

Mpaka ukikataliwa na jirani mmoja, si mpaka. Hata mtoto wa Ihanda anajua. Mwenyekiti akasema lori ligeuze. Vijana wakaing'oa ile miti, nikawaambia msiitupe, omuramura hautupwi, wakaja kuipanda hapa nyuma ya choo, ndiyo ile unayoiona.

Jovitus alisimama pale na funguo za gari mkononi, akaniangalia. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata bibi yako: sikuona mwizi. Nilimwona mtoto aliyekuwa ananishikia mche. Labda kweli alikuwa anataka kukinga upepo. Labda alianza kwa mpira, akaonja, nyasi zikamwingia machoni taratibu. Mpaka leo sijui. Mtu akishaanza kutaka kura, hata yeye mwenyewe sidhani kama anajua mkono wake wa kushoto unashika nini.

*

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika na maneno yangu, Vero amekaa mkekani ameacha hata simu yake, pikipiki mbili zikaingia uani. Ya mbele ni ya Privatus, nyuma yake vijana wawili wa timu. Kwenye ya pili alikuwa Jovitus. Amekonda. Mwaka wa uchaguzi umerudi tena, wanasema safari hii anaweza kupata, na vijana walikuwa wameniambia tangu juzi: anaomba kuwa mlezi, babu, sisi hatusemi ndiyo mpaka wewe. Ndiyo maana ndizi zilikuwa nyingi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema anakuja kwa miguu, yuko nyuma."

Bibi yake Vero, Sperancia wangu, alikuwa mlangoni na mwiko, akasikia. Akarudi ndani haraka. Nikasikia anaongeza maharage.

Jovitus akafungua gunia. Jezi, nyeupe, safi. Akaigeuza moja mbele na nyuma tuone: namba tu, na jina Rweya. Uso haupo. Halafu akatoa kibuyu, akaonja yeye kwanza kama desturi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Safari hii sikuja na mche," akasema.

Privatus akaniangalia. Vijana wakaniangalia. Zile jezi zilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, na mpira wao ulikuwa umeanza makovu tena.

"Jezi ni za watoto, wazichukue," nikasema. "Mlezi nitafikiri. Uchaguzi ukishapita, uje uniulize tena."

"Ukishapita, baba mkubwa?"

"Ukishapita. Upate, ukose, uje."

Akacheka kidogo, kicheko cha baba yake kabisa, kikanichoma. Nikakipokea kibuyu. Nikakiegemeza ukutani, kimejaa.

Evangelina akafika, anahema, amebeba mkungu mdogo wa ndizi kichwani kana kwamba hapa hakuna ndizi. Hakuniangalia, lakini alisema, "Mmekaakaa tu wanaume, chakula kinapoa." Sperancia akaja na birika la maji, tukanawa mmoja mmoja. Ndizi zikawekwa katikati kwenye jani, moshi unapanda.

Jovitus alikuwa ameshakaa pale mlangoni, upande unaotazama juu, kwenye rweya. Ukikaa pale uwanja wote unauona.

"Sogea," nikamwambia. "Hapo nakaa mimi."

Akasogea. Akakaa mbele yangu, mgongo wake kwenye uwanja. Nikakaa. Vero akakaa, vijana wakakaa, Evangelina akajisogeza karibu na Sperancia, na mimi nikamega tonge la kwanza nikampa Jovitus mkononi.