Kuonja Si Kula

Duka lile la soseji lilikuwa na mashine ya kusaga, mizani, na ulimi wa mkamwana wa nyumba ile. Na katika hivyo vitatu, wateja walikifuata cha tatu. Kazi alifundishwa na mama mkwe wake, mjane aliyelianzisha duka na ambaye bado aliketi nyuma ya kaunta kama hakimu asiyestaafu. Mume wa mkamwana alishinda machinjioni, akileta nyama; kilichofuata kilikuwa cha wanawake.

Nyama ikishasagwa na kutiwa chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, sharti ionjwe kabla ya kujazwa ndani ya utumbo. Mama mkwe aliionja mbichi, akaitema. Mkamwana, kwa miaka yote, alikaanga kidonge kidogo akaonja kilichoiva, na hakuachwa apumue kwa ajili hiyo.

"Fundi gani huyu," mama mkwe angewaambia wateja, "anayekwenda kukiomba kikaango ushauri?"

Kisha kikaja kisukari. Na baada ya kisukari, watu wakiwa wamekwisha kuchoka kuuliza habari za mtoto, ikaja mimba. Daktari wa kisukari akamkazia: vya mafuta marufuku, na kudokoa kati ya mlo na mlo marufuku. Mkamwana alikuwa mtu wa kutii. Akajihesabia kwamba kidonge cha kikaangoni ni mafuta na ni kudokoa, ilhali nyama mbichi huonjwa ikatemwa, na kuonja si kula. Akakitundika kikaango.

"Sasa umekomaa, mwanangu," mama mkwe akamsifu, na sifa ile ilimwingia kuliko dawa.

Hayakupita majuma mengi, tezi za shingo zikamvimba na uchovu ukamwelemea. Kliniki wakampima damu. Muuguzi alipopiga simu kuwaita, alitaja ugonjwa uitwao toksoplasmosisi, akagusia kwamba huweza kutoka kwa paka. Neno hilo lilitosha. Kabla ya saa ya miadi, Meneja, paka wa dukani, alikwisha kutiwa kikapuni na kuhamishiwa kwa jirani.

Daktari wa wajawazito alikuwa mwanamke mpole wa sauti ya chini. Aliwaeleza bila kuwatisha wala kuwaficha. Vimelea hivi, alisema, mara nyingi havimsumbui mtu mzima. Lakini mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, huweza kumfikia mtoto na kumdhuru macho na ubongo. Na mwenye kisukari, mwili wake huweza kuwa dhaifu katika kupigana navyo.

"Kipimo hiki hakijaniambia kama ni maambukizi ya zamani au mapya," aliendelea. "Damu nimeituma maabara kubwa, na majibu huchelewa. Maambukizi yakiwa ya zamani, hatari kwa mtoto ni ndogo sana. Yakiwa mapya, kila siku tunayongoja ni hasara kwake. Kwa hiyo nisaidieni."

"Ni paka, daktari," mama mkwe akawahi. "Nimeshamfukuza kazi."

"Alikuwa na kazi?"

"Meneja wetu. Kulala mlangoni na kukagua watu."

Daktari akacheka. "Mmekaa naye tangu lini?"

"Tangu kabla huyu hajaolewa."

"Anakula nini? Anawinda?"

"Huyo? Panya wenyewe humwamkia. Nampikia mimi mwenyewe; akizoea nyama mbichi ataniibia dukani."

"Basi huenda mmemwonea, mama. Paka huvipata kwa kula nyama mbichi au panya. Mboga mnaziosha? Mnashika udongo wa bustani?"

Mboga waliziosha, bustani hawakuwa nayo.

"Na nyama isiyoiva?"

"Nyumbani kwangu nyama huiva," mama mkwe akajibu, na hakusema uongo.

Mkamwana akayaona macho ya yule mama yakimgeukia, kisha yakaenda dirishani. Alijua gharama ya kusema. Angekuwa amemwanika mkubwa wake mbele ya mgeni, pamoja na duka lililomlea mumewe. Lakini tumboni mwake mlikuwa na mtu ambaye hajaanza hata kucheza, asiye na wa kumsemea. Mficha uchi hazai, alijiambia.

"Naionja mbichi, daktari. Kila asubuhi, hata leo. Naitema."

"Kimelea hakingoji umeze. Umeanza lini?"

"Nilipokatazwa mafuta, nikiwa tayari na mimba. Zamani nilikuwa nakaanga."

Daktari akaweka kalamu chini. "Yaani baada ya kushika mimba. Basi sitaingoja maabara. Dawa unaanza leo, hapa hapa."

Mama mkwe aliukumbatia mkoba mapajani. Akasema, "Ni mimi niliyemcheka mpaka akaona haya. Asilaumiwe yeye."

"Hapa hatumtafuti wa kulaumiwa, mama. Tunamtafutia mtoto usalama."

Kwenye ukumbi mkamwana akaanza, "Mama, nisamehe, nime—"

"Nyamaza. Ungeficha kwa ajili yangu, nisingekusamehe."

Majibu ya maabara yalipofika, yalisema maambukizi ni mapya. Dawa ilikuwa imekwisha kutangulia.

Siku ya kipimo cha picha, daktari alikitembeza kifaa juu ya tumbo polepole, akarudia, akasimama kwenye kichwa cha mtoto kwa muda ambao wote wawili waliuona mrefu.

"Kichwa kimekua vizuri. Ndani ya ubongo sioni dosari."

"Kwa hiyo ni mzima?" mama mkwe akauliza.

"Kwa ninachokiona leo, ni mzima. Dawa iendelee. Nitamwangalia tena na tena mpaka azaliwe, na akizaliwa tutampima macho."

Mama mkwe, aliyezoea vitu vinavyokaa kwenye mizani na kutoa jibu, alitaka ahadi kubwa zaidi. "Leo tu, daktari?"

"Leo tu, mama."

Akatafakari. "Basi tuipokee hiyo ya leo," akasema. Na yeye, ambaye dukani hakuwa ameinama kwa ajili ya mtu yeyote, akainama chini ya kitanda, akaviokota viatu vya mkamwana wake, akamvalisha kimoja baada ya kingine.