Bado Sijauona

Mama Severine alikaanga vitumbua Mtaa wa Msimbazi akiwa amekalia vipande vitatu vya kanga vilivyokunjwa juu ya kigoda. Cha juu alikibadilisha mara mbili kabla ya saa nne. Wateja walidhani anajipa starehe tu. Mimi nilijua, kwa kuwa mkono wangu ndio uliomkalisha hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari wangu. Leo sukari imepatikana dukani, nimekuwekea vinne."

Miezi saba kabla ya hapo nilikuwa nimemtoa kizazi chenye uvimbe. Kando ya kizazi, chini kidogo ya mshipa wa damu ambao daktari hana budi kuufunga, hupita mrija mwembamba unaoleta mkojo kutoka kwenye figo. Ukiujeruhi huo, mkojo hujitafutia njia nyingine, na mwanamke huvuja usiku na mchana. Ndiyo maana Sista Candida, muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji, hakumpa daktari yeyote koleo la kubania kabla ya kumwuliza swali lake moja: "Umeuona?"

Siku ile nilijibu kwamba nimeuona. Nilichokuwa nimeona ni kamba nyeupe, basi. Niliona haya kusitasita mbele ya mwanamke aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijajua kusoma. Mama Severine alipoanza kuvuja nikamwambia ni ugonjwa wenyewe. Aliniamini, akanishukuru kwa kumwokoa.

Asubuhi hiyo ya vitumbua nilitoka kwa Mama Severine nikaenda kumpasua Benedikta, muuza vitenge wa Kariakoo, mama wa watoto wawili. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa kama nazi. Nilipoanza kuuinua, damu ikafoka.

"Presha inashuka, daktari," alisema Bushiri, mtoa dawa ya usingizi. "Fanya haraka."

"Umeuona?" aliuliza Sista Candida, koleo mkononi.

Kamba nyeupe ilikuwepo, vilevile kama ile ya kwanza. Niliigusa. Mrija wa mkojo ukiguswa hujikunja wenyewe. Mshipa wa damu hulala tu. Sikuona kitu kikijikunja. Au kilijikunja? Neno moja lingenitoa pale, na nilikwisha kufungua mdomo kulisema, iliki ya vitumbua vya Mama Severine ikanipanda kooni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Bado," nikasema. "Bado sijauona. Na wa Mama Severine sikuuona, Sista."

Sista Candida aliweka koleo chini, akashindilia vitambaa mahali palipofoka, akakandamiza kwa ngumi.

"Mimi nimebana hapa. Bushiri, tundika chupa nyingine ya damu. Wewe tafuta."

Nilianzia juu, mrija unapoingia kwenye nyonga, nikaufuata pole pole kwa ncha ya kidole. Uvimbe ulikuwa umeusukuma pembeni. Mrija ulipita upana wa ukucha tu kutoka pale nilipotaka kubana. Nilipougusa ukajikunja, ukajinyoosha.

"Umeuona?"

"Nimeuona. Tazama na wewe."

Alitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa koleo.

Benedikta alipokwisha kupelekwa wodini, tulinawa mikono kwenye sinki moja. Sista Candida hakunitazama.

"Mrija wa yule mama unaweza kupandikizwa upya kwenye kibofu," alisema. "Nimeshuhudia mara mbili. Miezi saba, daktari!"

Kesho yake nilifika Msimbazi mapema kuliko kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari wangu. Vinne?"

Nilichuchumaa mbele ya jiko lake.

"Leo sikuja kununua, mama. Nimekuja kukwambia habari ya hizo kanga."

Mkono wake ukasimama juu ya kikaango. Vitumbua vikaanza kuungua, na hakuna kati yetu aliyevigeuza.