Turubai la Mheshimiwa Kuramochi

Naapa kwa meno yangu ya juu, ambayo ni ya bandia lakini niliyalipia mwenyewe, kwamba haya nitakayoyasema ni kweli tupu. Ninyi wageni mlioshuka na treni ya saa nane kuja kutazama fataki zetu hapa Okunagi, kaeni kivulini, hapa kwenye benchi la Mama Hatsue muuza barafu, mnisikilize. Atakayenikamata na uongo hata wa ukubwa wa punje ya ufuta, nitamnunulia barafu ya kukwaruza, yeye na kila aliyeketi hapa. Mama Hatsue ni shahidi. Mbona unacheka, Mama Hatsue?

Palikuwa na mstaafu mmoja wa idara ya maji, tumwite Tokuji. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, kwa hiyo najua mpaka aliyoyawaza. Tokuji alikuwa na mke, Fumie, na binti yao Sanae ameolewa Osaka. Kwa miaka thelathini na saba alimpeleka mkewe mtoni kutazama fataki, na kwa miaka thelathini na saba walikaa nyuma ya choo cha umma, pale karibu na daraja.

Si kwamba walipapenda. Ukingo wa mto wetu hugawanywa kwa maturubai. Mtu hutandika turubai lake la buluu, huandika jina kwenye utepe wa gundi, hulibandika kona, halafu huyo anakwenda zake nyumbani, na hakuna kiumbe atakayeligusa. Unaweza kuacha pochi juu yake siku tatu ukaikuta imefunikwa isilowe na mvua. Watu wa kwetu hawaibi nafasi ya mtu. Wanachofanya ni kuamka kabla yako.

Fataki hupigwa Jumamosi, na kanuni inasema hakuna kutandika kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Kila mwaka Tokuji alifika saa kumi na mbili kamili, na kila mwaka alikuta ukingo mzima umekwisha kuwa buluu kwa maturubai ya mashemeji, mabinamu na wapwa wa Bwana Udagawa, mwenyekiti wa kamati ya sherehe.

"Pole sana, Bwana Tokuji," Udagawa humwambia akiinama. "Naona saa yako inachelewa."

Hakuna aliyethubutu kumjibu. Udagawa ni mchonga mawe ya makaburi. Mwisho wa yote ndiye atakayekuandika jina, na hakuna anayetaka kulala milele chini ya jina lililokosewa.

Basi mwaka huo, Jumatatu jioni, Fumie alikuwa anamenya matango.

"Baba Sanae," alisema bila kuinua macho, "nimeona nusu fataki mara thelathini na saba."

"Nusu ya juu ndiyo tamu, Mama Sanae. Ya chini ni moshi tu."

"Mwaka huu nikiona tena paa la choo, Jumapili napanda treni naenda kwa Sanae. Nitarudi theluji ikianguka."

Tokuji akacheka. Mkewe hakucheka. Tokuji akageuza macho, yakaangukia sufuria ya umeme ya wali, ile yenye vitufe kumi na kimoja, ambavyo hakujua hata kimoja kinafanya nini. Akayapandisha ukutani, na pale palikuwa pamening'inizwa yukata mpya, ile kanzu ya kiangazi, ya buluu yenye maua meupe, ambayo Fumie alikuwa akiishona kwa mkono tangu Februari. Mtu hashoni vazi miezi sita ili akalivalie nyuma ya choo. Hilo hata Tokuji alilielewa, naye si mwepesi wa kuelewa.

Jumanne alfajiri, siku mbili kabla ya ruhusa, alishuka mtoni na turubai kwapani. Alilitandika mbele kabisa, katikati, mahali ambapo hata cheche hazina budi kukupigia hodi. Kisha akatoa kalamu ya wino mzito. Anayetandika kabla ya wakati husomwa jina lake kwenye kipaza sauti, katikati ya tangazo la mtoto aliyepotea na tangazo la gari lililoziba njia. Hakuweza kuandika jina lake.

Akaandika la kwanza lililomjia: Kuramochi. Lilimjia tu, kama jina aliloliona zamani juu ya mlango wa watu, siku moja ya joto, akiwa amevaa suti ya kuazima. Lilikuwa na uzito. Ili lizidi uzito, juu yake akaongeza neno Mheshimiwa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Jumamosi jioni, watu wakiwa wameinamia chakula, aubandue utepe na kumkalisha mkewe.

Alhamisi Udagawa alikuja na ukoo wake, wakasimama mbele ya turubai kama watu walioona nyoka.

"Huyu Kuramochi ni nani?" binamu yake aliuliza.

Udagawa hakumjua. Lakini mwenyekiti mzima amkose mheshimiwa kwenye kumbukumbu? Heri kuzikwa chini ya jiwe la jirani.

"Kuramochi," alisema taratibu, akikuna kidevu. "Unaniuliza Kuramochi yupi, binamu? Si yule Kuramochi!"

"Aaa! Kumbe yule!" akasema binamu, ambaye naye hakumjua.

"Tumecheza naye gofu. Mtu wa watu sana."

Tokuji alikuwa juu ya daraja, anajifanya anavua samaki. Aliona kila kitu. Kwanza Udagawa alivuta turubai lake nyuma mita moja, kwa heshima. Binamu hawezi kukaa mbele ya Udagawa, akavuta la kwake mita mbili. Shemeji hawezi kukaa mbele ya binamu. Kufikia Ijumaa mchana kila mtu alikuwa amerudi nyuma ya mkubwa wake, ukingo wa mbele umebaki mtupu kama uwanja wa ndege, na kinyozi, ambaye mjini hakuna aliye mdogo kuliko yeye, alijikuta ametandika kwenye shamba la mpunga la mji wa jirani. Mji huo ulimletea barua ya kumshukuru kwa kuwatembelea.

Kisha kamba nyekundu na nyeupe ikazungushwa. Likaja hema. Kikaja kiti cha ngozi kutoka ofisi ya meya, feni yenye waya wa mita hamsini, ndoo ya barafu yenye bia, na sanduku la wali na samaki mkunga wa kuchoma. Nasumaru naye akaletwa kulinda. Nasumaru ni biringanya lenye miguu, nembo ya mji wetu. Ndani yake huwekwa karani mmoja wa manispaa, na kwa joto la Agosti hutolewa akiwa ameiva.

Meya mwenyewe alikuja kukagua.

"Kuramochi!" alisema. "Tulikaa meza moja Tokyo. Siku hizi mvi zimemjaa."

"Si ana upara?" Udagawa aliuliza.

"Kabla ya upara, nasema."

Jumamosi mchana Tokuji alishindwa kuvumilia, akaisogelea kamba ili abandue utepe.

"Mzee, rudi nyuma," sauti ilitoka ndani ya biringanya.

"Nataka kunyoosha kona tu, mwanangu. Imekunjika."

"Turubai la mheshimiwa halinyooshwi na kila apitaye."

Tokuji akarudi nyuma. Ndivyo mtu anavyofukuzwa na biringanya kutoka kwenye turubai lake mwenyewe.

Jioni Fumie alivaa yukata yake na vile viatu vya mbao alivyotoka navyo kwao milimani alipoolewa. Akapendeza, naapa tena, mpaka muuza vitumbua vya pweza akaunguza sahani nzima. Walipita kwenye tambi za kukaanga, wakapita kwenye matikiti yaliyolazwa majini. Fumie alitembea mbele kidogo, kama msichana.

"Tunakaa wapi, Baba Sanae?"

"Mbele. Mbele kabisa. Yaani... tuzunguke kwanza huku."

Wakazunguka huku. Fumie akasimama.

"Baba Sanae. Hii harufu naijua."

Tokuji akafungua mdomo, kipaza sauti kikamwokoa: "Ndugu wananchi, fataki zitachelewa kidogo. Tunamsubiri mheshimiwa mmoja." Watu wakajipepea. Dakika kumi baadaye kikatangaza tena. Watoto wakaanza kulia, na mfadhili wa fataki ya kwanza, mwenye duka la magodoro, alilalamika kwamba jina lake litasomwa watu wakiwa wamesinzia, na kwa biashara yake watu watadhani ni makusudi.

"Mheshimiwa gani huyo?" Fumie aliuliza.

"Mkubwa mmoja tu. Humjui."

Fumie alipenya katikati ya watu mpaka kwenye kamba, akainama, akausoma utepe. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia mrefu kama wa panya. Mkia ule alikuwa akiuona kila mwaka kwenye mitungi yake ya matunda ya chumvi, maana mumewe ndiye huiandika. Akasoma tena. Tokuji, aliyebaki nyuma, alidhani mkewe anatafuta neno la kumtukana. Kumbe alikuwa anasoma jina.

Fumie akainua kamba, akapita chini yake, akaketi kwenye kiti cha ngozi.

Udagawa alikuja mbio. "Mama, samahani sana, hapa pamehifadhiwa!"

"Pamehifadhiwa kwa nani?"

"Kwa Kuramochi."

"Basi umechelewa kunikaribisha," alisema Fumie. Akavua kiatu kimoja cha mbao, akakigeuza. Ndani, kwa wino uliofifia, mama yake alikuwa ameandika jina la binti yake kabla hajaolewa: Kuramochi Fumie.

Udagawa alikitazama kiatu, akamtazama meya. Meya akatazama mto. Wangesema nini? Siku tatu wamecheza naye gofu, wamekula naye meza moja, wamehesabu mvi zake.

"Mheshimiwa," Udagawa alisema hatimaye, akiinama mpaka kichwa kikagusa ndoo ya bia, "hujabadilika hata kidogo tangu ule mchezo wetu wa gofu."

"Wewe umebadilika," Fumie akamjibu. "Siku ile ulicheza vibaya zaidi."

Fataki zikaanza. Fumie akamwita mumewe kwa sauti tamu: "Baba Sanae, kipenzi changu, njoo!" Biringanya likamfungulia kamba. Wakaketi wawili, akamlisha mkunga kwa vijiti mbele ya mji mzima, na Udagawa akasimama nyuma yao anawapepea. Huo ndio mwisho, wageni wangu, na kila neno ni...

"Mkunga gani?"

Sauti ilitoka nyuma ya benchi. Mke wangu alikuwa amesimama pale na upepeo mkononi, amevaa yukata ya buluu yenye maua meupe. Jina lake kweli ni Fumie. Lile la mume nililibuni. La mke sikukumbuka kulibuni.

"Samahanini wageni," alisema akiinama. "Huyu bwana anawasumbua?"

"Hapana, mama," alijibu bibi mmoja mwenye kofia pana. "Anatusimulia habari za Tokuji."

"Tokuji ndiye huyo mbele yenu, anayetoa jasho."

Mama Hatsue akalaza kichwa juu ya bonge lake la barafu, apate kucheka vizuri.

"Lakini ni kweli ulikaa kwenye kiti!" nikasema. "Na kiatu ni kweli!"

"Kiatu ni kweli. Ebu waambie biringanya liliniuliza nini ulipofika kwenye kamba."

Nikatazama miguu yangu.

"Basi nitawaambia mimi. Liliuliza, 'Mheshimiwa, huyu mzee unamfahamu?' Nikamtazama vizuri. Mtu ameandika jina la marehemu baba yangu kwenye turubai, na hakumbuki ni la nani! Alikuja kuniposa nyumbani kwetu na suti ya kuazima, jina liko juu ya mlango, kubwa hivi. Nikasema, 'Sura si ngeni. Nadhani ni yule anayekaaga nyuma ya choo.'"

Wageni walicheka mpaka bibi mwenye kofia akaangusha kofia.

"Mimi niliona fataki nzima mia tatu," akaendelea. "Wewe uliona nini?"

"Nusu," nikasema.

"Sauti, bwana. Hawa wametoka mbali."

"Nusu ya juu!"

"Na Jumapili, mama, ulikwenda Osaka?" bibi aliuliza.

"Nikae nyumbani na mtu asiyekumbuka jina la baba yangu? Nilikaa wiki tatu. Niliporudi alikuwa amebonyeza vitufe vyote kumi na kimoja, na wali mbichi umefanya ukoko ukutani. Hilo nalo hakuwaambia, eti?"

"Na leo mtakaa wapi?"

"Mimi? Kwenye kiti changu. Huu mwaka wa nne kamati inanitandikia. Wakiacha, itabidi waeleze kwa nini walianza." Akanigusa bega kwa upepeo. "Huyu anaruhusiwa kunibebea mto wa kukalia mpaka kwenye kamba. Biringanya limekwisha kumzoea."

Meno yangu ya juu sikutaka kuyaapia tena. Nikatoa pochi. Mama Hatsue akakwaruza barafu bila kuuliza, vikombe kumi na viwili kwa wageni kumi na mmoja na mke wangu, akavimiminia sharubati nyekundu na ya kijani.

"Vimetosha?" nikauliza.

Fumie alichukua kimoja, akakionja, akanyoosha mkono akingoja kingine.

"Hiki ni changu," alisema. "Bado cha Mheshimiwa."