Diski Zilizoganda

Kadija alifika Walukuba, Jinja, akiwa na sanduku la spana mkono mmoja na diski na pedi mpya za breki kwenye gunia mkono wa pili. Hasira aliyotoka nayo Mbale ilikuwa bado haijapungua. Jana yake kaka yake Ramathan alimpigia simu na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba gari lake limekufa.

"Magurudumu ya mbele hayageuki kabisa, mdogo wangu. Ni huu unyevu wa ziwa. Lakini usijali, nimepata mtu wa vyuma chakavu, yuko tayari kulichukua."

Vyuma chakavu! Gari alilolipata kwa jasho la miaka ya udereva wa polisi! Alipohamishiwa Karamoja hakutaka kulitelekeza kambini, akamkabidhi Ramathan, mtoto wa kwanza wa baba yao, ambaye kwao hakuna aliyewahi kumuuliza swali mara mbili. Alimwomba jambo moja tu: awe analiwasha na kulisogeza kidogo mle mle uani. Sasa alikuwa amerudishwa Mbale, amepanga chumba Nkoma, na kila asubuhi alikuwa akigombania boda kwenda kazini huku akijua ana gari lake.

Alilikuta nyuma ya nyumba, limepigwa na jua na mvua, kuku wamejilaza juu ya boneti. Kando yake ilisimama vani ya bluu, imeoshwa ikameremeta. Vani hiyo ndiyo Ramathan aliyokuwa akiitumia kuwapeleka watoto wa mtaa shuleni.

"Uliliwasha lini mara ya mwisho, kaka?"

"Kadija, mimi nina mambo mengi. Gari lenyewe halijawahi kutoka nje ya geti hili tangu ulipoliacha. Nimelilinda kama mboni ya jicho."

Kadija aliona akijibu atamvunjia kaka yake heshima mbele ya mkewe, aliyekaa mlangoni. Aliwafukuza kuku, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati, akainua upande mmoja kwa jeki na kuegemeza gari juu ya gogo nene. Gurudumu lilipotoka, aliona kutu nyekundu imevaa kila kitu. Akafungua kalipa, ile sehemu inayobana pedi za breki, akaining'iniza kwa waya ili isivute mpira wa mafuta. Kisha akaishika diski kwa mikono miwili na kuivuta. Haikutikisika.

"Nilikwambia," Ramathan alisema kutoka kivulini.

Alinyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, akagonga kwa nyundo kati ya bolti za gurudumu, akazungusha kidogo, akagonga tena. Kila pigo lilikuwa na neno ambalo hakulisema. Mwaka mzima! Hata kulisogeza tu! Kwenye uso wa diski palikuwa na matundu mawili yenye meno ya kupokea bolti. Aliyasafisha kwa msumari, akaingiza bolti mbili na kuzikaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, ziisukume diski kutoka ndani. Jasho lilimwingia machoni. Ghafla diski ilitoa mlio mkali, ikaachia, ikamwangukia mapajani.

Akaigeuza.

Kutu aliitegemea. Lakini chini ya kutu, diski ilikuwa imelika. Mifereji mirefu ilizunguka uso wake wote, na ukingo ulikuwa umesimama juu kama ukingo wa sahani. Akaziokota pedi. Hazikubaki na kitu, zilikuwa chuma kitupu. Na pedi hizo alizifunga mpya kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa akijiandaa kwenda Karamoja.

"Kaka, ulisema gari halikutoka getini."

"Halikutoka."

"Basi hizi pedi zimeliwa na kuku?"

Ramathan aligeuza uso. Rashidah, mkewe, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliweka ungo chini.

"Mwambie, Baba Mutwalibu. Ukikataa nitamwambia mimi."

"Wewe mwanamke, nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha. Wifi, kabla ya hii vani, gari lako ndilo lililokuwa likibeba watoto wa shule, asubuhi na jioni. Breki zikaanza kupiga kelele, akaongeza sauti ya redio. Siku moja pale mteremkoni likagoma kusimama, likaingia kwenye kibanda cha mahindi. Mutwalibu wangu alikuwa kiti cha mbele. Mungu tu. Akalirudisha hapa, akatukataza kusema."

Kadija alisimama, diski mkononi. Mpaka hapo hasira yake ilikuwa kwa ajili ya gari. Sasa ilikuwa kwa ajili ya watoto. Aliwaona wale watoto wamebanana nyuma na mifuko yao, chuma kikisaga chuma chini yao, na mtu mzima akitafuta muziki.

"Uliwapakia watoto wa watu, ukasikia, ukaongeza redio?"

"Hakuna aliyeumia! Kwa nini mnakuza mambo?"

Kadija alitoa tochi sandukuni, akaenda kwenye vani, akapiga magoti, akamulika kati ya matundu ya gurudumu. Mifereji ile ile. Akapitisha kidole, kikakwama kwenye ukingo.

"Leo hii haiendi kuchukua watoto."

"Kadija, hapa ni kwangu! Usije na uafande wako hapa. Wazazi wananingoja."

"Heshima yangu kwako, kaka, ilikuwa kubwa sana. Umeimaliza wewe mwenyewe. Ukiwasha vani hii, nakwenda kwa wazazi mlango kwa mlango."

Rashidah aliingia ndani. Aliporudi, ufunguo wa vani ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake.

Kadija alifanya kazi bila kuinua kichwa. Diski ya upande wa pili ilisumbua zaidi, lakini nayo ilitoka. Alisugua habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu, mpaka ikang'aa, akafunga diski mpya na pedi mpya, akachaji betri kwa jirani, akalijaribu gari kwenye uchochoro, mbele na nyuma, mpaka akaridhika kwamba linasimama anapotaka. Kisha yeye na Rashidah wakaenda kuwachukua watoto shuleni, kwa safari kadhaa, wachache wachache. Kwa kila mzazi aliyefungua mlango, Kadija alieleza alichokiona chini ya vani. Mama mmoja, Nabirye, alikaa chini palepale kizingitini na kumkumbatia mwanawe.

Ramathan hakutoka kumuaga. Kadija aliendesha hadi Mbale redio ikiwa imezimwa, akisikiliza magurudumu.

Siku zilipita kabla Rashidah hajapiga simu. Wazazi walikuwa wamekataa kumpa Ramathan watoto mpaka magurudumu ya vani yafunguliwe mbele yao. Sasa imefungwa breki mpya, na wao wenyewe walisimama kuangalia.

"Alhamdulillahi," Kadija alisema.

"Wifi, yuko hapa. Anataka kukuomba msamaha. Nimpe simu?"

Kadija alitazama mikono yake, weusi wa mafuta ukiwa bado umeng'ang'ania kwenye kucha.

"Mwambie nimefurahi kwa ajili ya watoto," alisema. "Yeye, bado. Sijapoa."